Fulana Iliyotiwa Wanga

Mume wangu ni dobi, na kwa dobi huyu duniani kuna dhambi mbili tu: doa na mkunjo. Mimi ndiye mwenzake wa pasi tangu tuoane. Kila nilicho nacho ni cha wote wawili, hata maumivu ya mgongo. Kwa hiyo nilipoanza kukimbia alfajiri, nilitaka kiwe kitu changu peke yangu. Yeye alisema neno moja tu: "Unakimbia nini, nani anakufukuza?"

Mbio nilizojiandikisha zilikuwa za kilometa ishirini na moja, nami sikuwahi kuvuka kumi na mbili. Nyuma ya wakimbiaji hufuata basi la kuwaokota wanaobaki nyuma. Niliapa kwamba basi hilo silipandi hata kwa kubebwa.

Asubuhi ile niliikuta fulana yangu ya mbio juu ya kiti. Mume wangu alikuwa ameifua, ameipiga pasi, ameibana namba yangu kifuani kwa pini, imenyooka kama imepimwa kwa rula. Na ameitia wanga! Nani anatia wanga fulana ya kukimbilia? Nilitaka kumfokea, lakini nilimwona mlangoni akijifanya anatafuta viatu, macho yote kwangu. Nikaivaa.

Jasho lililainisha wanga, upepo ukaukausha tena, na kila ulipokauka pindo la kwapani liligeuka kisu. Nusu ya njia nilikuwa nimekwisha kukiona cha mtema kuni. Nilikimbia mikono nimeitanua kama kuku anayeanika mbawa, na watu wa kando ya barabara wakashangilia wakidhani ni madaha. Nilimlaani mume wangu kutoka utosini hadi unyayoni. Mama yake nilimwacha, maana ni mtu mwema.

Kwenye meza ya mwisho ya maji, muuguzi aliiona damu ubavuni mwangu. "Dada, ivue hiyo fulana, upande basi. Lile linakuja."

"Sipandi."

Hapo mume wangu akajitokeza katikati ya watu, amevaa shati lake jeupe, limenyooka hadi kola. Akaligusa pindo kwa vidole viwili, kama anavyogusa kitambaa cha mteja, na uso ukamshuka.

"Ni wanga," akasema. "Ni mimi."

"Kama umekuja kuniambia turudi nyumbani," nikasema, "nyamaza."

Hakuniambia. Alianza kufungua vifungo. Mtu huyu hatoki hata kununua mkate bila shati la pasi, na nusu ya waliosimama pale walikuwa wateja wetu. Akalivua, akabaki na fulana ya ndani yenye tundu tumboni. Muuguzi akanikinga kwa shuka, nikabadilisha. Mume wangu akanibana namba upya, pini mdomoni, haraka haraka. Ilikaa upande, na akaiacha hivyo hivyo.

"Nenda," akasema. "Mke wangu, nenda."

Nikaenda. Shati lilinifika mapajani, laini, lina joto lake. Mara nikasikia honi nyuma yangu, tena na tena. Nikajua basi limenifikia, machozi yakanitoka kwa uchungu. Nikageuka.

Halikuwa limenifikia. Mbele yake, katikati ya barabara, mume wangu alikuwa anatembea na fulana yake ya tundu, taratibu kama anayesindikiza jeneza. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, pisha njia!"

"Na mimi nakimbia," akajibu bila kugeuka. "Huu ndio mwendo wangu."

Nilizimaliza zote ishirini na moja, nikilia na kucheka. Waliponivisha medali wakaniambia nisogee niwapishe wengine. Nikakataa. Nilisimama pale pale mstarini mpaka mume wangu alipofika, na basi lake nyuma.