Dungusi la Bi Hindu

Toba! Hivi kuna mtu mwenye akili timamu anayefuga miiba ukumbini na kuinywesha maji yaliyooshewa samaki? Bi Hindu alifuga. Kipande cha dungusi aliletewa na mwanawe, Fumo, kutoka bustani ya hoteli aliyofanya kazi kule Kikambala. Mama mtu akakiacha kivulini mpaka jeraha la kukatwa likauke, akakipanda kwenye debe la mchanga, akakisimamishia gogo lililozungushiwa makumbi ya nazi. Dungusi likapanda, likang'ang'ania gogo kwa vijizizi vyake kama jongoo, likafika dirishani. Eti miiba ile hulichoma jicho la hasidi kabla halijaingia ndani. Nyumba nzima ikanuka vumba.

Aliyeteseka ni Zuleikha, mke wa Fumo. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na zote mbili Malindi nzima ilizijua mapema, hakujua habari zilivujia wapi. Hii ya tatu aliapa haijui mtu, si mume, si mavyaa, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Haya sasa, ficha mimba changa mbele ya ndoo ya maji ya samaki yaliyolala, magamba yakielea na nzi wamekufa juu! Magoti yalipomkamata Bi Hindu, kazi ya kunywesha ikamwangukia Zuleikha.

"Usilizidishie, mwanangu," Bi Hindu akamwambia. "Mchanga ukauke kwanza, ndipo ulitie kikombe kimoja."

"Sawa, mama."

Sawa gani! Alipofunua ndoo tu, moyo ulimchafuka, akakimbilia chooni na kanga mdomoni. Tangu siku hiyo ule uchafu akawa anaumwaga, na dungusi akilitilia maji safi ya mfereji, kopo asubuhi, kopo jioni, asije akaambiwa amelinyima. Na mwaka wenyewe ule wa ukame, themanini na nne, watu wa Ganze wanalilia maji! Maji safi yatadhuru nini? Ndivyo alivyowaza, masikini.

Dungusi likaanza kulainika shinani. Likawa manjano, likawa kahawia, kisha likatoa harufu ambayo panya aliyefia darini ana nafuu.

Asubuhi moja akaja jirani, Bi Mahfudha, kuomba chumvi. Huyu ndiye aliyezitangaza zile mimba mbili. Mdomo wake hauna breki.

"Mbona panavunda humu, shoga?" akauliza.

Bi Hindu akajikongoja hadi kwenye debe, akalishika dungusi shinani. Vidole vikazama. Shina likaporomoka, ute wa kahawia ukamchuruzika mpaka kiwikoni, na ndani yake funza weupe wakifurukuta.

Zuleikha akajaribu kumeza. Wapi! Akatapika pale pale, juu ya mkeka.

Macho ya Bi Mahfudha yakamshuka taratibu kutoka usoni hadi tumboni. "Aa, Zuleikha," akasema akitabasamu. "Ndiyo mambo hayo?"

Zuleikha akajua amekwisha.

Bi Hindu akamtazama mkwewe, akamtazama jirani. Kisha vile vidole vyenye ute akavitia mdomoni mwake mwenyewe, mpaka kooni. Bi Hindu, asiyekula kwa watu mpaka aone sufuria imeoshwa! Akatapika kwa kishindo.

"Uvundo huu!" akafoka. "Nani asiyetapika? Labda asiye na pua!"

Bi Mahfudha akauona ute ukining'inia kidevuni mwa mwenzake, akaziba mdomo, akatoka mbio. Barazani akasikika naye akitapika. Chumvi hakuikumbuka.

Zuleikha akaleta maji. Bi Hindu akasukutua, akatema, akasukutua tena.

"Hii hataijua mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Zile mbili mimi ndiye niliyemwambia Mahfudha. Furaha ilinizidi, mwanangu."

Zuleikha kinyaa kikampanda upya, na safari hii hakikuwa cha dungusi. Akaichukua sabuni, akamwosha mavyaa wake mkono, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama usoni.