Daftari Lililozikwa na Misahafu

Haya kanisimulia Radhia mwenyewe, jirani yangu hapa Singida mjini, siku ya tatu ya mfungo uliopita. Mimi si wa dini yake, lakini jioni huwa nabeba kigoda changu naenda uani kwake nimsindikize mpaka afuturu, maana kufunga kutwa halafu ukala peke yako nako ni kazi. Alikuwa anamenya viazi vitamu. Akaanza tu, sikumwuliza.

Radhia kwao ni Mungaa. Alibatizwa Kristina, na baba yake, mzee Lazaro, alikuwa katekista. Akiwa msichana wa miaka kumi na tisa alikuja mjini kujifunza kushona kwa shangazi yake, akakutana na Abdulhamidi, kijana wa familia ya wauza vitambaa ambao babu yao alitoka pwani. Akasilimu, wakaoana. Mzee Lazaro hakukanyaga nyumba ile mpaka anaingia kaburini. Na upande wa mume nao hawakumpokea sawasawa. Mawifi wakimwona anatandika mswala walikuwa wanasema, "Huyu kasilimia kitanda." Walisema wakicheka, ila walisema miaka mingi. Watoto hawakujaliwa.

Abdulhamidi alikuwa na kaunta buku nene. Jioni akishafunga duka alikuwa anaandika humo jinsi dini ilivyofika kwao: nani alikuja na nani, nani alifyatua matofali ya msikiti wa kwanza, nani alifundisha watoto kusoma. Aliandika Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na babu yake. Siku moja alimwambia mkewe, "Na wewe nimekuandika. Nimeandika ulivyoingia."

"Umeandika nini?"

"Nikimaliza nitakusomea lote."

Hakumaliza. Mwaka wa nne huu yuko udongoni.

Sasa Radhia alikuwa na jambo moja linamla. Alitaka kujua mumewe aliandika kwamba mke alimfuata yeye mume, au kwamba alimfuata Mungu. Aliniambia, "Mama Deo, mimi mwenyewe nilikuwa mdogo, nilimpenda yule mtu, nikaipenda na adhana. Sikumbuki kipi kilitangulia. Yeye alikuwepo, alikuwa mtu mzima, aliniona. Mwingine aliyeniona hayupo."

Kusoma daftari hakuweza. Anasoma Kiswahili cha kawaida, na msahafu anaufuata pole pole ukiwa na irabu zake. Ndugu wa mume hakutaka washike, kwa sababu ni wale wale waliokuwa wanamcheka. Aliyebaki ni mzee Mselemu wa Ikungi, rafiki wa marehemu tangu utoto, anayejua maandishi yale. Lakini mzee alikuwa na mtoto wa jicho, anangoja kufanyiwa upasuaji. Radhia naye akangoja. Daftari akalifunga kwenye kitambaa, akaliweka rafu ya juu pamoja na misahafu ya marehemu, kwa heshima.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani, watu wa madrasa hupita nyumba kwa nyumba kukusanya misahafu na juzuu zilizochakaa. Karatasi yenye neno la Mungu haitupwi jalalani. Huvikwa kitambaa cheupe, ikazikwa mahali safi pasipokanyagwa. Mwaka huu alikuja Abdulrazaki, mtoto wa shemeji yake, ndiye mwalimu wa madrasa.

"Shikamoo mama mkubwa. Tumekuja kwenye rafu ya baba mkubwa."

"Marahaba. Ingia. Mchwa wamepanda juu kule, toa vyote vilivyoliwa."

Yeye akabaki nje anapepeta mtama. Daftari hakulikumbuka hata kidogo. Abdulrazaki alifungua kitambaa, akakuta gamba limeliwa, ukurasa wa kwanza una Bismillahi na aya. Hakufungua wa pili. Akaliweka kwenye fungu.

Siku nne mvua ikanyesha. Siku ya tano mzee Mselemu akashuka bodaboda mlangoni, jicho limeshafanyiwa upasuaji.

"Shemeji, nimekuja na miwani mbili," akasema. "Moja ya kusomea, moja ya kuitafutia ile ya kusomea."

Radhia akacheka, akamwekea chai, akaenda kwenye rafu. Aliniambia alipapasa ubao mtupu kwa mkono kama kipofu, hali anaona.

Wakaenda kwa Abdulrazaki. Yule kijana aliposikia alikaa chini. "Mama mkubwa, mimi nilidhani ni kitabu cha dini."

"Ni cha dini," Radhia akasema. "Ila si msahafu."

"Inafaa kufukua?" Abdulrazaki akamwuliza mzee.

Mselemu akamjibu, "Aliyezika hakujua. Fukua, ila kwa adabu, na misahafu uirudishe."

Abdulrazaki akatawadha, akachimba kwa jembe, alipokaribia akatumia mikono. Kitambaa cheupe kilitoka na madoa ya bluu. Abdulhamidi alikuwa anaandika kwa kalamu ya wino, hakupenda hizi za kawaida. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala. Mzee alizitenganisha kwa sindano ya Radhia, moja moja, na nyingi zilibaki sindanoni. Mbili zilisomeka. Moja ilitaja watu waliobeba maji ya kufyatulia matofali, majina kumi na moja. Nyingine ilieleza mkeka wa kwanza wa msikiti ulivyoletwa umekunjwa juu ya punda, na punda akaula pembeni.

"Endelea," Radhia akasema.

Mzee akageuza zilizobaki. Abdulrazaki alikuwa amesimama nyuma yake. Radhia akamwona anamgusa mzee begani, anamnong'oneza, "Soma chochote, babu. Mama mkubwa anangoja."

"Abdulrazaki, nakuona," Radhia akasema. "Mzee, usinidanganye."

Mselemu akavua miwani. "Sikuoni humu, shemeji. Ni rangi tupu. Pengine upo, lakini mimi sikuoni."

"Ulikuwa unatafuta nini, mama mkubwa?" kijana akauliza.

Hapo ndipo aliposema, mara ya kwanza mbele ya mtu wa familia ile. "Mlivyokuwa mnasema nimesilimia kitanda. Nilitaka kujua kama na yeye alisema hivyo."

 Abdulrazaki alikuwa hajazaliwa maneno yale yalipoanza, lakini alikua anayasikia. Akainama akaendelea kufuta udongo kwenye misahafu.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?" Mselemu akauliza.

"Ningekuwa najua nisingekungoja na macho yako."

Zile kurasa mbili alimpa mzee aende nazo, azinakili. Nyingine akaamuru zirudishwe shimoni pamoja na misahafu, na yeye mwenyewe akashika ncha moja ya kitambaa wakati wa kufunga. Mzee akapanda gari la Ikungi. Abdulrazaki alimsindikiza mama mkubwa wake mpaka mlangoni, akataka kuingia, Radhia akamwambia nenda, nitakuwa salama.

Hakupika. Alikunywa ile chai ya mchana ikiwa baridi. Isha ilipoadhiniwa alitandika mswala, akaswali. Kila siku akimaliza huwa anamwombea marehemu, halafu anamweleza mambo ya siku, mtama umekauka, bati linavuja. Jioni ile alimwombea, lakini hakumweleza kitu. Alikaa tu.

"Nilikuwa nataka nione," aliniambia, "yule mtu akiondoka pale mbele yangu, kama na mimi nitanyanyuka niuache mswala."

"Ukanyanyuka?"

Aligeuza kiazi mkononi, akatafuta pa kumenya. "Pakawa kimya, Mama Deo. Hakuna aliyenijibu, yeye wala nani. Baridi ikaingia miguuni. Nikasema nitanyanyuka sasa hivi. Sikunyanyuka."

Usiku ule akajilaza ubavu pale pale kwenye mswala, akajifunika khanga, akalala.