Mate ya Memsahib

Kila Jumatatu asubuhi nilifungua kipaza sauti cha Memsahib Tarrant nikiwa sijatia kitu tumboni. Mara ya kwanza nilitangulia kunywa chai, nikaishia kuitapika nyuma ya ghala la ngano.

Mwaka huo wa 1957 mimi, Wasike, nilikuwa fundi wa simu wa kampuni moja ya ngano pale Nakuru. Simu zote za mashamba, kuanzia Mau Narok hadi Kuresoi, zilipitia chumba kimoja chenye bodi ya plagi za kuunganishia simu. Opareta aliketi mbele yake amevaa hedifoni: kisikizi sikioni, kipaza sauti mbele ya mdomo, na waya mrefu hadi kwenye bodi. Memsahib, mama wa Kizungu, alishika zamu ya asubuhi. Alimumunya peremende, akavuta sigara, akajipaka poda na rangi ya midomo papo hapo kazini, na vyote vikaishia kwenye matundu ya kipaza sauti. Nikikifungua nakuta utando wa waridi unaoteleza, unaonuka kama maziwa yaliyolala. Na mama huyo huyo ndiye aliyebandika tangazo ukutani kwamba hedifoni yake isiguswe na mdomo wa Mwafrika, kwa ajili ya usafi.

Opareta wa mchana alikuwa Chepkemei, binti wa Kuresoi, Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti. Alikuwa na hedifoni yake, ya zamani lakini safi kuliko sahani zangu. Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Akishindwa, angerudi kuchuma pareto na mama yake kwenye shamba la Mzungu.

Ndani ya kipaza sauti mna kikopo kidogo cha chembe za mkaa. Sauti huzitikisa, na umeme hubeba mtikiso huo hadi upande wa pili. Mate yakipenya, chembe zinagandamana. Hapo utawasikia wenzako vizuri, lakini wao watakusikia kwa shida.

Mwishoni mwa mwezi wa pili wa Chepkemei, kikopo cha Memsahib kiliganda kabisa. Stoo hakukuwa na kingine. Akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Wewe Wasike, tengeneza sasa hivi. Mimi hapana ngoja."

Ningeweza kumwambia asubiri kikopo kipya kije kwa treni ya Nairobi. Badala yake nilitoa kikopo kizima cha Chepkemei, nikamwekea yeye. Chake kilicholowa mate nilikianika juani nusu saa, nikakigonga-gonga, nikakifunga kwenye hedifoni ya Chepkemei. Nilijiambia ni kwa siku tatu tu. Vikopo vipya havikuja, na mimi sikuuliza tena.

Malalamiko hayakuchelewa. Wakulima walidai yule msichana wa mchana anaongea kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Chepkemei akaniletea hedifoni mwenyewe.

"Fundi, hawa watu hawanisikii. Hebu angalia hii kitu."

Nikaanza maigizo. Nikachomoa plagi na kuirudisha, nikakunja waya huku na huku, nikamwambia apulize na aniambie kama anajisikia sikioni.

"Najisikia kidogo tu."

"Waya iko sawa," nikamwambia. "Jaribu kuongea na nguvu."

Nikakigonga kipaza sauti kwa kidole, chembe zikaachana, sauti ikarudi kwa dakika kumi. Akanishukuru. Shukrani ile ilinichefua kuliko utando wa Memsahib, na bado nilikwenda kula chakula cha mchana.

Ijumaa ya mwisho ya majaribio, saa ya kubadilishana zamu, meneja wetu Bwana Prowse aliingia na barua ya kumfukuza Chepkemei. Memsahib alikuwa bado hajavua hedifoni. Mimi nilikuwa chini ya bodi na koleo.

"Sauti ya Mwafrika hapana faa kwa simu," Bwana Prowse akasema, kwa upole kabisa, kana kwamba anazungumzia mvua. Chepkemei alisimama, mikono nyuma.

Nikatoka chini ya bodi. "Bwana, sauti haina shida. Hedifoni yake ndiyo mbovu. Mpe hiyo ya Memsahib apige Mau Narok, utasikia mwenyewe."

Memsahib akaifunika kwa kiganja. "Mdomo yake hapana gusa hii."

Bwana Prowse akatikisa kichwa kumuunga mkono. Hakuna jaribio, basi. Akamnyooshea Chepkemei ile barua.

"Mdomo wake umeshagusa," nikasema. "Kikopo kilicho ndani ni cha Chepkemei. Alikiongelea miezi miwili kabla mimi sijakuwekea. Kile chako kichafu ndicho nilimpa yeye."

Memsahib aliivua, akaitupa mezani, akajisugua mdomo kwa mkono wa gauni hadi rangi ikafika shavuni. Akatoka mbio hadi bombani, tukamsikia akitema na kutema. Nilifurahi, sioni haya kusema.

Chepkemei akaichukua ile hedifoni, akaketi, akachomeka plagi, akaita Mau Narok. Bwana Prowse alisikiliza kwa kisikizi cha pili. Mkulima wa huko akauliza kama kampuni imepata opareta mpya, maana huyu anasikika vizuri. Bwana Prowse akaikunja barua akaitia mfukoni. Kisha akaniambia nirudishe funguo za stoo kabla ya saa kumi, kwa kuharibu vifaa vya kampuni. Hilo nililitarajia.

Tulipobaki wawili, Chepkemei akanigeukia.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Wiki tano, fundi. Nimekunywa mayai mabichi kila asubuhi ndio sauti itoke. Nimepiga kelele hapa mpaka Jumapili kanisani nikashindwa kuimba. Na wiki hizo zote mdomo yangu ilikuwa kwa mate yake. Ulikuwa unaniangalia tu."

Nilimnyooshea mkono wa kwaheri. Aliutazama kwa muda, kisha akasogeza kiti chake mbali nao, akapokea simu ya Kuresoi na kuongea kwa sauti ya chini.