Mkono wa Adelino

Watoto wa Msimbati wakichimba njia chini ya mchanga, hawasemi wanachimba. Wanadelina. Mmoja huanzia huku, mwenzake kule, kati yao tuta la mchanga, wakafukua mpaka vidole viguse vidole. Sheria ni moja: ukishagusa huachii, hadi wenzenu waondoe mchanga wote wa juu.

Joyce alikuja kutoka Mtwara mjini kukusanya maneno ya kamusi, na neno hilo lilimkaa moyoni. Alikuwa amelitafuta kwa Wamakonde, kwa Wamakua, hata kwenye Kireno, wapi! Kila mtu alimwelekeza kwa Bibi Felismina, muuza mihogo, aliyevuka mto Ruvuma utotoni kukimbia vita.

"Shikamoo, Bibi. Hili neno limetoka wapi?"

"Marahaba. La watoto tu hilo."

Uongo mtupu, na roho ilimsuta bibi. Zaidi ya miaka hamsini ndoto yake ni ileile: anatembea chini ya mto, mchanga laini kama unga wa muhogo, maji yakipita juu ya kichwa chake bila kumlowesha, na mbele kuna mkono. Akiufikia tu, anaamka. Hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

Joyce akaandika huku akisoma kwa sauti: "Delina. Kuchimba njia chini ya ardhi. Asili haijulikani." Akafunga daftari. Bodaboda ilikuwa ikimngoja.

Haijulikani! Felismina alisikia uchungu, kisha hasira. Kitabu kikishachapwa, nani atakibishia?

"Kaa chini," akasema, akikusanya tuta la mchanga kati yao. "Delina upande huo."

Mchanga wa juu ulikuwa wa moto, wa chini baridi. Joyce alichekacheka mpaka vidole vyao vilipokutana, bibi akavishika.

"Adelino," bibi akasema. "Kaka yangu. Kule ng'ambo handaki lilituporomokea. Mimi nilitoka, yeye akabaki ndani. Nikafukua, naye akafukua, tukashikana hivi hivi. Ndege za mabomu zikarudi. Nikamwachia, nikakimbia."

Bibi akakaza vidole chini ya mchanga.

"Nilipofika huku nilichimba mchanga kila siku nikimwita. Watoto wenzangu wakasikia 'delina', wakadhani ndilo jina la mchezo, wakajiunga. Ile sheria niliiweka mimi."

Joyce akajifuta machozi kwa bega. "Ngoja niandike, Bibi," akasema, akianza kuvuta mkono.

"Utaandika, mjukuu wangu. Usiniachie kwanza."