Kabati la Radi

Mama Randa alikuwa akipiga msasa mguu wa meza wakati pikapu ya mumewe iliporudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa karakana, na aliyekuwa kwenye usukani hakuwa mumewe. Mumewe alikuwa nyuma, amelala katikati ya ngoma zake. Mwimbaji wa bendi akamshika kwapani, mpiga besi akamshika magotini, wakamteremsha kama gunia la saruji, wakampitisha kati ya makochi ambayo bado hayajavalishwa vitambaa hadi chumba cha ndani. Hakuwa na jeraha wala damu. Mgongo tu, walisema, umeteguka kwenye ngazi za hoteli. Yeye mwenyewe alikuwa ameuma meno, uso umemkauka, hata jina la mkewe halikumtoka.

Mama Randa alipogeuka kuuliza imekuwaje, akasikia sauti ya kaka yake huko nje. Kaka alikuwa amesimama kando ya pikapu, gitaa begani, mikono mitupu, anawasimamia mafundi wawili wa karakana wanaoteremsha amplifaya yake.

"Taratibu, jamani," alikuwa akiwaambia. "Msiitingishe. Tyubu zake bado zina moto."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Mtu mzima ameteremshwa kimyakimya kama mzigo, halafu sanduku ndilo linaloombewa upole.

Kaka yake huyo watu walimwita Radi, na jina alilipata kwa sababu ya sanduku hilohilo. Lilikuwa amplifaya ya kizamani, ya tyubu, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama mishumaa iliyofungiwa. Juu kulikuwa na transfoma za chuma nzito kama mawe ya kusagia, chini spika mbili pana kama sinia, vyote ndani ya boksi moja lililovalishwa ngozi nyeusi ya bandia. Radi aliinunua ujanani kwa mwenye ukumbi wa dansi aliyekuwa akifunga milango, na tangu hapo akaapa kwamba mkono wake hautapiga gitaa kupitia kitu kingine. Wenzake waliiita Kabati. Mama Randa, ambaye makabati ndiyo yaliyomjengea nyumba, aliona jina hilo ni kuyatukana makabati. Kabati ukilipeleka mahali linakaa. Hili lilitoka kila wiki na kurudi kila wiki.

Na aliyelitoa na kulirudisha alikuwa mumewe. Mume ndiye mpiga dramu, mume ndiye mwenye pikapu, na mume ndiye aliyeoa kwao, kwa hiyo hakuweza kumwambia shemeji yake mkubwa kwamba amechoka. Radi hakubeba. Alisema vidole vya mpiga gitaa ndivyo riziki ya bendi, vikikazwa na mzigo vinakuwa vigumu, gitaa linalia kama paka. Kwa hiyo alifungua milango, akaonya watu kuhusu kona za kuta, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, nyanyua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata nyumbani kwake halikulala. Yeye aliishi ghorofani, ngazi nyembamba, kwa hiyo Kabati liliwekwa karakanani kwa dada yake, kati ya rundo la mbao na pipa la gundi, na mafundi walikatazwa kuweka vikombe vya chai juu yake.

Mwimbaji ndiye aliyemsimulia yaliyotokea, baada ya Radi kupanda bodaboda kwenda zake. Hoteli ilikuwa na lifti, lakini lifti ni ya wageni, vyombo vya muziki vinapita ngazi za jikoni. Walilipandisha Kabati hadi ukumbi wa juu, mume akiwa upande wa chini, kule uzito unakoangukia. Walipoanza kupiga, meneja akaja kuomba sauti ipunguzwe, watu walikuwa wanakula na kuzungumza. Radi akapunguza. Lakini amplifaya ya namna ile ni kama pikipiki kubwa uchochoroni: ukiinyima mwendo inakoroma na kuchemka tu, raha yake huioni. Gitaa likasikika kama mtu anayezungumza na blanketi mdomoni. Radi akavumilia wimbo mmoja, wa pili akazungusha swichi. Glasi zikalia mezani. Mzee mmoja akaziba masikio kwa leso. Meneja akarudi, safari hii na walinzi wawili, na bendi ikafungasha kabla sahani hazijaondolewa.

Wakaanza kulishusha tena, lilelile ambalo halikupata hata kupiga muziki wa maana. Radi alikuwa mbele, amekasirika, anateremka haraka huku akisema wageni wale hawana masikio. Kwenye kona ya ngazi mshikio wa upande ukang'oka. Mwimbaji alikuwa juu, akabaki na hewa mkononi. Mume wa Mama Randa alikuwa chini, na badala ya kukwepa akalipokea.

"Kwa nini hakukwepa?" Mama Randa aliuliza.

"Radi alipiga kelele," mwimbaji akasema, akitazama chini. "Alisema, lishike, lishike."

Daktari alisema alale, asiiname, asibebe kitu, na kama mguu wa kushoto utaendelea kufa ganzi arudi apigwe picha. Mama Randa akamlaza juu ya ubao mnene aliouranda mwenyewe, godoro jembamba juu yake, na kila alipomgeuza alisikia pumzi ya mumewe inavyokatika. Hakulia. Alikuwa mwanamke ambaye hasira zake zilimshukia mikononi. Siku zile mafundi wake walimwona akipigilia misumari mahali ambapo skrubu zilitosha.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alijua uzuri wa lile dude. Laiti lingekuwa takataka, angelichukia kwa raha. Lakini zipo Jumapili ambazo Radi alikuja peke yake, akaliwasha, akangoja chupa zipate moto, kisha akapiga hapohapo karakanani kwa sauti yote. Maranda ya mbao yalirukaruka sakafuni. Ukigusa waya kidogo, sauti ilitoka safi kama maji ya mtungi. Ukiuchapa, ilinguruma, ikavimba, ikakaa hewani kama mtu aliyeitwa akaitika kwa kifua kizima. Vile visanduku vipya vyepesi vilipiga nota zilezile, lakini havikuitika. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha randa katikati ya ubao zaidi ya mara moja ili asikilize. Hata mume alimpata kwa njia hiyo: kijana mpiga dramu aliyekuja kuwasaidia kulibeba Kabati, akakaa hadi wote wameondoka.

Radi alirudi keshokutwa yake. Mama Randa alimwona akivuka barabara, akajisemea kwamba leo anakuja kuomba radhi, akafuta mikono kwenye aproni. Radi akasalimia, akalizunguka Kabati, akakagua pale mshikio ulipong'oka, akainama kunusa kama kuna kilichoungua. Kisha akaeleza kwamba Jumamosi kuna sherehe ya harusi uwanjani, nje kabisa, mahali ambapo sauti itapewa uhuru wake. Mpiga dramu wa kuazima ameshapatikana. Sasa, angeomba wale mafundi wawili wamsaidie kubeba.

"Umemwona shemeji yako?" Mama Randa akauliza.

"Nimesikia anaendelea vizuri."

"Umesikia kwa nani? Mlango ule pale."

Radi akatazama saa yake, akasema atapita jioni, ana mazoezi. Hakupita jioni.

Mama Randa alijua wasemavyo wahenga, hasira hasara. Ila siku hiyo hasara ilikuwa imeshatangulia, na hasira ilikuwa inaifuata tu. Asubuhi iliyofuata aliwaita mafundi, wakalinyanyua Kabati juu ya meza ya kazi, naye akachukua kisu akaichana ile ngozi nyeusi ubavuni kote kama mtu anayechuna. Alikusudia kuni. Alikusudia kulikata vipande vya kuingia jikoni, kisha amwite kaka yake aje kuchukua majivu. Akashika msumeno, akauvuta mara mbili tatu.

Kutoka chumba cha ndani mumewe akaita. "Mke wangu, unakata nini?"

"Nakata udugu."

"Udugu gani una sauti ya msonobari?"

Nusura acheke, na kwa kuwa nusura acheke akazidi kukasirika. Mumewe akamwambia asiendelee kabla hajalitoa lile bati la juu lenye chupa na transfoma. Humo ndani kuna umeme unaolala hata ukichomoa waya ukutani, alisema, ukiugusa vibaya utaamkia mbinguni. Akamwelekeza kutoka kitandani: waya wa spika unachomoka wenyewe, skrubu nne ziko juu, bati lote linatoka kama droo, lishikwe ncha za chuma tu, na mtu asitie kidole upande wa chini. Mafundi wakalivuta, wakaliweka juu ya rafu, na mmoja wao akaomba ruhusa aende kunywa chai mbali na rafu hiyo.

Boksi likabaki tupu, na hapo ndipo mkono wake uliposita. Aliyelitengeneza hakupiga msumari hata mmoja. Pembe zote zilikuwa zimeingiliana kwa meno ya mbao, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na baada ya miaka yote ya ngazi na mvua hapakuwa na ufa. Mtu fulani alikuwa ameketi akayachonga meno yale kwa subira, asijue atakayelibeba. Mama Randa alisimama mbele ya kazi ile akashindwa kuifanya kuni. Akaitukana, akaisifu, akachukua penseli na rula, akachora mstari kati ya mahali pa transfoma na mahali pa spika. Halafu akakata juu ya mstari, polepole, bila kuyumba.

Radi alifika adhuhuri, akiwa amepigiwa simu na mwimbaji. Akakuta masanduku mawili juu ya meza, moja fupi, moja refu, na dada yake anakata kifuniko cha kuyaziba. Akakaa chini juu ya maranda ya mbao, suruali yake nzuri na yote.

"Umeniua," akasema.

"Aliyenusurika kufa yuko chumba kile. Bado hujamsalimia."

"Hiyo ni sauti yangu, mdogo wangu. Umeikata sauti yangu."

"Sauti yako ilikuwa inatembea kwa mgongo wa mume wangu. Sasa itatembea kwa mikono yako. Hili dogo lenye chuma ni lako, nitalitia mshikio. Hili la spika mtalibeba wewe na mwimbaji. Mume wangu habebi hata kebo."

Radi akaanza habari za vidole. Mama Randa akaweka msumeno chini, akamsogelea, akamshika viganja vyote viwili akavigeuza juu, kama mtu anayekagua mbao.

"Hivi navijua," akasema. "Mama alipokuwa kitandani, hivi ndivyo vilivyokuwa vinateka maji na kumbeba kumpeleka bafuni. Na ulikuwa unapiga gitaa wakati huo. Usiniambie mimi habari za vidole."

Radi akainuka, akajipangusa, akaenda kwenye mlango wa ndani. Mama Randa akamfuata, maana hakumwamini.

Radi akasimama miguuni pa kitanda, akamuuliza shemeji yake hali. Mume wa Mama Randa alikuwa mtu wa utani. Bendi nzima ilimzoea hivyo, mtu wa kulainisha mambo. Radi alikuja tayari kulainishwa.

"Shemeji," mume akasema, macho ameyaelekeza darini, "uliponiambia nilishike, ulikuwa unanionea huruma mimi au hilo?"

Radi akasema ilikuwa ghafla, mtu hawezi kufikiri.

"Ndiyo maana nauliza. Mtu asipofikiri ndipo anaposema kweli." Akavuta pumzi taratibu asiuumize mgongo. "Nikipona nitakupigia dramu, kwa kuwa hakuna gitaa kama lako. Lakini usije ukaniomba tena nikushikie kitu. Hata mlango."

Mama Randa hakuwahi kumsikia mumewe akisema na mtu hivyo. Alirudi mezani, akakosea kipimo cha kifuniko, akalazimika kukata kingine.

Jumamosi Radi alikuja mapema kuliko wote. Alilibeba sanduku la chuma mwenyewe hadi kwenye gari la kukodi, amelikumbatia kifuani, shingo imemtoka mishipa. Mmoja wa mafundi alipotaka kumpokea, Mama Randa alimtazama tu, fundi akarudi kwenye gundi yake.

Mama Randa alikwenda uwanjani, akasimama nyuma karibu na viti vya plastiki, mikono ameikunja. Alijiambia amekwenda kuangalia kama viungo vyake vimeshika. Radi akawasha, akangoja, akapiga. Ile nota ikatoka, ikavimba, ikasimama juu ya vichwa vya watu, na wanawake waliokuwa wakitafuta viti wakaacha kutafuta. Mama Randa alihisi kifua chake kikitetemeka, akakasirika upya. Mumewe alikuwa amelala juu ya ubao nyumbani, na sauti ilikuwa nzuri vilevile.

Baada ya muziki Radi akamjia, jasho likimtoka, vidole vyekundu kwa alama ya mshikio. "Besi imepungua kidogo," akasema.

"Haya," akamjibu. "Peleka mashitaka kwa mume wangu."

Hawakuzungumza tena hadi msimu ulipogeuka. Radi alikuja kila wiki kuchukua sanduku lake na kulirudisha, na kila alipokuja alianzia mlango wa ndani, akagonga, akangoja aitikiwe. Siku nyingine aliitikiwa. Siku nyingine mume wa Mama Randa, aliyekuwa ameanza kutembea kwa fimbo, alimsikia vizuri kabisa, akageukia ukuta akaendelea kupiga mdundo taratibu juu ya ukingo wa kitanda.