Hakuna Mtu Juu

Kaka yangu alikuwa na viganja vigumu kama soli ya kiatu, na alipenda kunisugua mashavu navyo mpaka nipige kelele. "Tulia, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Wenzako wanalipia huduma hii." Bandarini walimwita Kufuli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua vyuma vya pembeni vinavyoshikilia kontena moja juu ya jingine melini. Nyumbani alikuwa Kaka tu. Tulizaliwa wawili, na aliyetulea pamoja na mama, baba alipoondoka, ni mjomba.

Mjomba alikuwa dereva wa kreni. Asubuhi alipanda ngazi za chuma hadi kwenye kibanda cha vioo huko juu, na jioni alishuka magoti yakilia. Bandari nzima ilimwita Mzee wa Juu. Kaka alipoanza kazi kule chini, mama hakuwa na wasiwasi. "Si mjomba wenu yuko juu?" alisema, na kwake hilo lilitosha.

Na kweli, wale wawili walielewana bila kuonana. Mfungaji akiwa bado ndani ya upenyo baina ya kontena, aligonga ukuta wa chuma kwa nondo yake, mara tatu, kwa nguvu. Maana yake: subiri, kuna mtu. Kontena tupu likigongwa hulia kama ngoma, na sauti hupanda. Mjomba hakuwahi kufunga dirisha la kibanda chake, hata mvua ikimpiga usoni. Ndiyo maana alikohoa mwaka mzima. Akisikia mara tatu, alilishikilia kontena hewani mpaka agongewe tena. Hakuna aliyewafundisha hivyo darasani. Walikuta wenzao wanafanya, nao wakafanya.

Kisha ukaja mfumo mpya.

Mkuu wa bandari alitukusanya wafanyakazi wote ukumbini, akaonyesha picha ukutani. Alisema mizigo itatoka haraka, kodi italipwa kwa simu, na ile michezo ya getini ya kupeana bahasha itakwisha. Sitasema uongo, mengi kati ya hayo yalitimia. Foleni ya malori ilipungua mpaka mama lishe wa barabarani wakahama. Akasema pia kwamba hakuna atakayepoteza kazi, ila tutabadilishiwa ujuzi.

"Na tumbo nalo litabadilishiwa?" sauti ikauliza kutoka nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko. Alikuwa Kaka.

Baadaye hatukucheka. Dereva mmoja sasa aliweza kuendesha kreni moja hadi nyingine bila kuinuka kitini, kwa hiyo wengi hawakuhitajika. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu kontena getini, na kamera ilichukua kazi yangu. Lakini kwa kuwa nilimaliza sekondari na vidole vyangu vilikuwa vyepesi, nilichaguliwa kujifunza udereva wa kreni kwa skrini. Mjomba alichaguliwa pia, kwa heshima ya miaka yake. Tukawekwa chumba kimoja, viti vya jirani, yeye akifanya kazi na mimi nikijifunza kwake.

Nilikiogopa chumba kile tangu siku ya kwanza. Kilikuwa katika jengo la utawala, mbali na gati, kina zulia, kina baridi ya kiyoyozi, na mapazia mazito yaliyofungwa, tuliambiwa, ili mwanga usipige kwenye skrini. Mbele ya kila dereva kulikuwa na picha za kamera kadhaa na vijiti viwili vya kuendeshea. Unasukuma kijiti kwa kidole, na huko nje mzigo mzito kuliko nyumba yetu unashuka. Hakuna mlio. Hakuna upepo. Unasikia tu mwenzako akimeza mate.

Mkufunzi alikuwa kijana mwenye adabu. Alitueleza kwamba picha huchelewa kidogo kutufikia, na amri yetu huchelewa kidogo kuifikia kreni. "Ni kufumba na kufumbua tu," alisema.

"Na kama kuna mtu chini?" nikauliza.

"Mtu utamwona kama nukta." Akatuonyesha reflekta mpya, zile fulana za rangi ya chungwa, kila moja ikiwa na chipu iliyoshonewa ndani. Aliyevaa akiwa mahali salama, nukta yake kwenye skrini ni ya kijani. Akiingia mahali pa hatari inakuwa nyekundu, na mashine yenyewe inakataa kushusha.

Mjomba akainua mkono kama mtoto wa shule. "Na akigonga?"

"Nani agonge, mzee?"

Vijana wakacheka. Mjomba akashusha mkono.

Nilimwangalia siku zile akihangaika. Kule juu alizoea kuchungulia chini kupitia sakafu ya kioo, kwa hiyo hata chumbani aliinamia kando ya kiti akitafuta meli kati ya miguu yake. "Mzee, utaangukia zulia," walimtania. Alicheka nao. Lakini ukutani kulikuwa na ubao wa mwanga wenye majina yetu na kasi ya kila mmoja, na jina lake lilikuwa la njano karibu kila siku. Alishaonywa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba onyo jingine halitakuwepo.

Nyumbani Kaka aliendelea na mzaha wake. "Reflekta yangu imenipita cheo," alisema huku akivua viatu. "Yenyewe ikiwa salama, basi na mimi niko salama. Leo tumezitundika kwenye reli, zikapumzika, sisi tukapiga kazi."

Nikaacha nilichokuwa nikifanya. "Mmezivua?"

"Upenyo ni mwembamba, dada. Zinanasa kwenye vyuma. Ukinaswa mle ndani utakaa kama panya kwenye mtego."

"Kaka, usiivue. Nakuomba. Sisi tunaangalia nukta."

"Mnaangalia nukta mna kazi gani? Si mna macho?" Akanisugua shavu. Safari hii sikupiga kelele, naye akaona. "Sawa, sawa. Nitaivaa."

Sikuamini. Nilimwambia mjomba, naye akamwambia msimamizi. Msimamizi alituma ujumbe kwa simu za wafungaji wote kwamba ni marufuku kuvua reflekta kazini. Wafungaji hawaruhusiwi kuwa na simu melini. Jioni waliusoma ule ujumbe, wakaucheka, asubuhi wakaingia kazini.

Mama ndiye aliyenimaliza nguvu. Alikuwa akikunja nguo, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Siku hizi nani yuko juu?"

"Hakuna mtu juu, mama. Mjomba yuko ofisini."

"Sasa anamsikiaje mwanangu?"

"Hamsikii. Anamwona."

Akabaki ameshika shati la Kaka kifuani, mikono yote miwili. Usiku ule sikulala vizuri.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Kaka alitukuta getini akiwa na wenzake.

"Mzee wa Zulia!" akamwita mjomba. "Leo unashika kreni gani?"

"Yenu."

"Ah, basi leo tuna bahati. Pole pole tu, mzee, humu chini kuna watoto wa watu."

"Nenda zako huko, we mtoto."

Alikwenda akirusharusha nondo yake. Reflekta alikuwa ameivaa. Nilihakikisha kwa macho yangu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka jua lilipokuwa kali. Mjomba alikuwa akipanga kontena kwenye sitaha, katika nafasi iliyobaki kati ya kuta mbili za kontena zilizokwishapangwa. Kufuli moja la pembeni lilikuwa limekwama. Hilo tulilijua baadaye. Tulichokiona sisi ni nukta za kijani zilizojipanga kando ya reli, na nafasi tupu.

Mjomba alisita. Mzigo ulining'inia.

"Mzee, unasubiri nini?" Sauti ya msimamizi iliingia kwenye spika za masikioni. "Zote ni za kijani hizo."

"Sijasikia kitu," mjomba akasema.

"Hutasikia kitu, mzee. Shusha."

Kwenye ubao jina lake likageuka njano. Akasukuma kijiti taratibu, na kontena likaanza kushuka.

Mimi nilikuwa nikiangalia kamera ya pembeni, ile ya wanafunzi. Nikaona rangi ya chungwa kwenye reli, na moyo ukatulia. Yule pale. Kisha ile reflekta ikapepea, na chini yake sikuona miguu. Ilikuwa imetundikwa. Haikuwa na mtu.

Nikaanza kumtafuta kwenye picha nyingine. Katika picha iliyo karibu yake, chini kabisa, ndani ya kivuli, mkono ulijitokeza ukiwa na nondo. Ukapiga ukuta. Ukapiga tena. Ukapiga tena. Chumbani kwetu kulikuwa kimya. Na Kaka hakuangalia juu. Alikwishagonga kama alivyogonga miaka yote, kwa hiyo aliinama tena kwenye kufuli lake aendelee na kazi.

"Mjomba!"

Alikwishaachia. Aliuona ule mkono kabla yangu, na alikuwa ameachia vijiti vyote viwili na kuinua viganja vyake hewani kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Viganja viko hewani, na kwenye skrini kontena bado linashuka. Kufumba na kufumbua. Kisha likasimama.

Nukta ya Kaka bado ilikuwa ya kijani.

Mjomba aliinuka, akaenda kwenye pazia, akalivuta kwa nguvu mpaka vyuma vyake vikakatika. Nadhani alitaka kufungua dirisha amwite. Nyuma ya pazia kulikuwa na ukuta. Akaupapasa ukuta ule kwa mikono miwili, huku na huku, na hakuna aliyejua la kumfanya.

Mimi nilikimbia. Nilishuka ngazi, nikapita gati lote, na njia nzima nilimwomba Mungu iwe ni mkono tu, iwe ni mguu tu. Wenzake walinizuia kabla sijafika. Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu, alinishika mabega akinigeuza uso nisione, akisema, "Usiende, dada. Mkumbuke wa asubuhi. Mkumbuke wa asubuhi." Namkumbuka wa asubuhi. Lakini na huyu mwingine namwona kila nikifumba macho, ingawa sikumwona.

Watu wa ofisini walikuja nyumbani wamevaa vizuri. Walikuwa na kompyuta ndogo, wakamfungulia mama pale sebuleni. Walikuwa wapole. Walimweleza kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa, na kwamba kwa kumbukumbu zote marehemu alikuwa mahali salama. Wakamwonyesha nukta.

Mama aliiangalia. "Mimi sikuzaa nukta," akasema. Kisha akauliza mdogo wake yuko wapi.

Mjomba hakuwa amefika. Si mazishini, si nyumbani. Niliogopa kwenda kwake, lakini nikaenda. Nilimkuta amekaa kitandani na viatu vyake miguuni, dirisha wazi.

"Mama anakuita."

"Nitamwambia nini dada yangu?"

"Sijui, mjomba. Anakuita."

Tukaondoka pamoja. Alipofika mlangoni watu waliokuwa wamekaa wakanyamaza, na mjomba akasimama kizingitini kama mgeni. Nilidhani mama atapiga yowe, au atamgeuzia mgongo, na nikajua kwamba nikishuhudia hilo sitakuwa na familia tena.

"Ingia," mama akasema. "Kaa hapa. Wale wameniambia yao. Wewe niambie."

Mjomba akakaa sakafuni karibu yake. Akamweleza yote, kufuli lililokwama, reflekta, kusita kwake, sauti ya msimamizi. Hakujitetea. Alipofika kwenye nondo, mama akamkatiza.

"Aliogopa?" mama akauliza.

"Hapana, dada. Aligonga, akainama. Alijua nimesikia."

Mama aliuchukua mkono wake, ule wa kulia, akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa mkono wake mwenyewe. Wakakaa hivyo. Watu wakaendelea kuingia na kutoka, wakisalimia kwa sauti ya chini.

Nilitoka uani. Mjomba alikuwa amesimamishwa kazi, na Kaka hayupo. Wa kuleta chakula nyumbani nilibaki mimi. Kwenye simu yangu ulikuwa umeingia ujumbe wa mafunzo kwamba nimefaulu, na ratiba imepangwa. Jumatatu, zamu ya asubuhi, kreni ile ile. Niliusoma mpaka mwisho nikitafuta majina ya watakaokuwa chini. Hayakuwepo.

Nikaizima simu, nikarudi ndani. Mama aliniuliza nani amenitafuta. Nikasema hakuna mtu.