Mbolea ya Hajji Sowedi

Mbolea ya ruzuku ilifika Bwera siku ya soko, ikashushwa kwa Hajji Sowedi, ambaye hakuwa na shamba. Hajji alikuwa na lori, na kazi yake ilikuwa kuvusha bidhaa mpaka wa Mpondwe. Lakini sharti lilisema mpokeaji awe na stoo isiyovuja, na nyumba za wakulima huvuja mpaka vitandani. Stoo ya Hajji nayo ilikuwa imejaa chumvi ya Katwe, kwa hiyo magunia ya mbolea yakawekwa uani, chini ya lori.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Magunia yakalowa, mbolea ikayeyuka, na lori likanenepa. Kwanza ziliongezeka taa za mbele. Halafu matairi yakatoa mizizi, na ubavuni pakachipuka malori madogo mawili, kama machipukizi ya mgomba. Hajji alifurahi. Alichokosa ni mtu anayejua kupalilia, ndipo akamwita Loyi kutoka Nyakiyumbu.

Loyi alikuwa na shamba la mahindi, na mahindi hayo ndiyo yangekuwa chakula cha wanawe watatu, Immy na wadogo zake, hadi Desemba. Yalikuwa yamefika magotini na tayari yamegeuka manjano. Alilipalilia lori, akatenga machipukizi bila kuumiza mizizi ya mama yao, kisha akanawa mikono.

"Hajji, mimi sitaki sente," alisema. "Unipatie mbolea kidogo tu. Mahindi yangu inakufa."

"Mama Immy, ile mbolea ni ya wakulima," Hajji alisema kwa upole. "Serikali ikisikia nimekupatia, itanikamata mimi."

Hajji hakuwa mtu mbaya. Alimfungia chumvi ya kumtosha mwezi mzima.

Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Akiondoka, Loyi alikomba udongo chini ya tairi, beseni moja, akaufunika kwa kitenge. Nyumbani aliutia kwenye mashina ya mahindi, kiganja kwa kiganja. Alimwomba Mungu amsamehe, kisha akamwomba mvua.

Mungu akamjalia yote mawili. Mahindi yalianza kurudisha rangi ya kijani, na Loyi akaanza kulala usingizi. Ila katikati ya shamba kilichomoza kioo, kikafuatiwa na kabini, na kufikia mwisho wa mwezi lori zima lilikuwa limesimama pale. Majirani walikuja kulitazama, wakauliza kama lina breki, wakarudi makwao.

Hajji alikuja na afisa wa kilimo, bwana mmoja aitwaye Aloysius. Hajji alisema chipukizi ni la mwenye shina, na hilo Loyi hakulibishia. Aloysius alizunguka shamba, akainama, akachota udongo na kuunusa.

"Mama, nilitaka kukuweka kwa orodha ya mbolea ya msimu unaokuja," alisema. "Lakini hii udongo yako iko na nguvu sana. Imetoa lori. Haina haja ya msaada."

"Mukubwa, batoto yangu hawakuli lori."

"Ndiyo maana Hajji anaichukua."

Dereva wa Hajji akaliwasha. Shamba halikuwa na njia, kwa hiyo lori lilipita juu ya mahindi, likarudi nyuma kwa sababu ya mteremko, likapita tena mpaka barabarani. Loyi alisimama akitazama yale ya kijani yakilala chini. Alikuwa na uchungu na hasira, na watu wa kuwakasirikia walikuwa wakimpungia mkono kutoka kabini. Aliokota mabua akampa mbuzi wa jirani.

Jumatatu Hajji alituma ujumbe kwamba magunia mapya yamefika, na lile lori la Nyakiyumbu limezongwa na magugu. Loyi alichukua jembe akaenda. Nyumbani hapakuwa tena na kitu cha kupalilia.